Mbolea ya chembe nano kwenye mahindi na mboga: tuulize nini kabla ya kupulizia?

Katibu wa Kikundi (Sikonge)

Habari za kazi, ndugu zangu.

Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima wadogo hapa Sikonge. Wengi wetu tunalima tumbaku kwa ajili ya fedha, na mahindi, karanga na mchicha kwa ajili ya sufuria. Mwezi uliopita muuzaji wa pembejeo alikuja siku ya gulio akiwa na chupa za nusu lita za mbolea ya maji ya kupulizia majani, ambazo kibandiko chake kimeandikwa neno "nano" kwa herufi kubwa kuliko jina la mbolea yenyewe. Alitueleza kwamba ndani yake mna zinki iliyosagwa hadi chembe zake zikawa ndogo kiasi cha kupenya jani, kwamba vifuniko viwili vinatosha bomba la lita 16, na kwamba mahindi yenye michirizi myeupe kwenye majani machanga, kama yalivyo mengi ya kwetu, yatarudia rangi yake ndani ya siku chache.

Wanachama walikuwa wameshaanza kuchanga fedha pale mama mmoja, ambaye kwa kawaida huwa kimya mikutanoni, aliposimama na kuuliza: "Kama chembe hizi zinapenya jani la mahindi, ni kitu gani kitakachozizuia zisipenye utumbo wa mwanangu?" Muuzaji alicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu nilijua kwamba akishaondoka yeye, nitakayebaki kuulizwa ni mimi.

Nimeahirisha ununuzi hadi mkutano ujao. Naomba mwenye elimu ya jambo hili anieleze, kwa lugha ambayo nitaweza kuifikisha kwa wanachama, mambo matatu. Chembe hizi zikishaingia kwenye mmea huenda wapi? Je, zinafika kwenye punje na kwenye jani la mboga tunalokula? Na kama zinafika, tuogope nini hasa? Sitafuti mtu wa kuniambia tu "ni salama" au "ni sumu", kwani majibu ya namna hiyo nimeshayapata mengi kutoka kwa watu ambao hawajawahi kuisoma hata chupa yenyewe.

Mtu wa Udongo (Tabora Mjini)

Ndugu Katibu, mfikishie salamu zangu yule mama, kwa sababu ameuliza swali ambalo maabara kubwa za dunia zimekuwa zikilihangaikia kwa zaidi ya miaka 15. Nimefanya kazi ya udongo muda mrefu katika mkoa huu, na nitajaribu kukujibu kwa mfuatano ulioutaka, ingawa jibu la swali la tatu litanichukua nafasi kubwa kuliko mengine.

Kwanza tuelewane kuhusu ukubwa. Nanomita moja ni sehemu moja ya bilioni ya mita, na chembe nano kwa kawaida ni ile yenye kipimo cha kati ya nanomita 1 na 100. Unywele wa mtu una unene wa nanomita zipatazo 80,000, kwa hiyo hapa hatuzungumzii unga wa kawaida uliochekechwa vizuri. Chukua kipande cha mchemraba chenye sentimita moja kila upande: uso wake wote ni sentimita 6 za mraba, karibu sawa na stempu moja ya posta. Kikate chote kiwe vipande vya nanomita moja moja, na uso wa vipande hivyo ukijumlishwa utafika mita 6,000 za mraba, yaani karibu uwanja mzima wa mpira. Uzito haujaongezeka hata gramu moja, ila eneo ambalo dutu hiyo inagusana na maji, na jani, na chembe hai za mwili limeongezeka mara milioni kumi. Ndiyo maana zinki ileile iliyokuwa mpole ikiwa unga inaweza kuwa na tabia nyingine ikiwa chembe nano, kwa faida na kwa madhara pia.

Lakini udogo peke yake si dhambi. Moshi wa jikoni una chembe za ukubwa huo, na maziwa ya ng'ombe yana vifundo vya protini ambavyo vingine havizidi nanomita 100, na hakuna aliyewahi kuyaogopa maziwa kwa sababu hiyo. Kwa hiyo mtu akikuambia "ni nano" hajakuambia jambo kubwa bado. Muulize ni nano ya nini.

Sasa njia. Chembe iliyopuliziwa juu ya jani huingia hasa kupitia vile vitundu ambavyo jani hupumulia, ambavyo ni vikubwa mara nyingi kuliko chembe yenyewe, na kidogo kupitia utando wa nta. Iliyoangukia ardhini hukutana na mzizi, na ukuta wa chembe hai za mzizi una matundu madogo mno, kwa hiyo nyingi hunasa nje na chache tu hupanda na maji kwenda juu. Kutoka kwenye jani, kinachoteremka kwenda kwenye punje hupitia mishipa inayosafirisha chakula cha mmea. Hadi hapo hakuna fumbo.

Jambo la msingi ni hili: je, chembe inabaki kuwa chembe? Zinki oksidi, yaani zinki iliyoungana na oksijeni, huyeyuka, na katika udongo wenye uchachu, kama huu wetu wa kichanga ulio chini ya miti ya miombo, huyeyuka upesi zaidi. Ikishayeyuka haipo tena kama chembe. Ni zinki ya kawaida iliyomo majini, ileile ambayo mmea ungeipata kutoka kwenye zinki salfeti ya bei ndogo. Madini mengine yanayotengenezwa kuwa chembe nano, kama seriamu oksidi na titani dioksidi, hayayeyuki kirahisi, na kinachoingia huelekea kubaki vilevile. Mwaka 2012 watafiti wa Marekani walichapisha kazi ambamo walikuza soya hadi kukomaa katika udongo wa shamba uliochanganywa na chembe nano za aina mbili. Kwenye udongo wenye zinki oksidi, zinki ilipanda hadi kwenye majani na maharage. Kwenye udongo wenye seriamu oksidi, madini yale yalikwama zaidi kwenye mizizi na kwenye vile vinundu ambamo bakteria huchukua nitrojeni ya hewani na kuifanya chakula cha mmea, na katika dozi kubwa kazi hiyo karibu isimame, na mavuno yakapungua. Viwango vyao vilikuwa vikubwa kuliko vya bomba moja la lita 16, jambo ambalo wanaopenda kuitaja kazi ile husahau kulisema. Hata hivyo, kwa mtu anayepanda karanga au maharage baada ya tumbaku ili udongo upumzike, habari ya vinundu si ya kupuuzwa.

Tumrudie yule mama. Tumbo la mtu lina tindikali kali kuliko udongo wowote wa Tabora. Chembe ya zinki oksidi ikifika humo huyeyuka, na mwili huipokea kama zinki nyingine yoyote iliyomo kwenye nyama au maharage. Kwa hiyo, kwa zinki, swali sahihi si "zimepenya ngapi", bali "zinki yote kwa jumla ni kiasi gani". Mtu mzima anahitaji takribani miligramu 8 hadi 11 kwa siku. Watoto wengi wa kwetu hupungukiwa, hawazidishi. Lakini mtoto wa miaka miwili au mitatu kikomo chake ni kidogo mno: Wamarekani wamekiweka miligramu 7 kwa siku, na zinki ikizidi kwa muda mrefu huzuia mwili kupokea shaba. Punje ya mahindi iliyopuliziwa mmea wake mapema haiwezi kukufikisha huko kirahisi. Mchicha uliopuliziwa jana na kuchumwa leo ni habari nyingine, kwa sababu pale mtoto haishii kula kile mmea ulichokipokea, anakula na kile kilichokauka juu ya jani. Kuosha huondoa sehemu yake. Kuchemsha hakuharibu madini. Moto hauunguzi zinki wala shaba.

Kwa hiyo kama chupa ni ya zinki tupu, hofu yangu kubwa haipo mezani, ipo shambani. Anayepulizia huvuta ukungu wa bomba, na mapafu hayana tindikali ya tumbo. Mwaka 2008 watafiti walionyesha kwamba mirija ya kaboni ya kinano iliyo mirefu na migumu, ikiingizwa kwenye mwili wa panya, huleta madhara yanayofanana na ya nyuzi za asibesto. Zinki oksidi si mirija ya kaboni, na sitaki mtu aondoke hapa akisema nimezifananisha. Lakini hata moshi wa zinki oksidi huwapa mafundi wa kuchomelea homa inayojulikana tangu zamani. Kitambaa cha kanga kilichofungwa puani hakizuii chembe hizi.

Nimalizie na jambo ambalo hukuliuliza. Huko India, kuanzia mwaka 2021, ilisambazwa urea ya nano ya maji, na chupa ya nusu lita ikanadiwa kuwa inachukua nafasi ya gunia la kilo 45. Piga hesabu mwenyewe: chupa yenye nitrojeni asilimia 4 ina gramu 20 za nitrojeni, gunia la urea lina zaidi ya kilo 20. Hata jani likipokea kila tone, mahindi hayawezi kujenga protini kwa nitrojeni ambayo haipo. Mkulima akiacha mbolea yake ya kawaida kwa sababu ya maneno ya namna hiyo, hatari ya kwanza kwa chakula chake itakuwa ghala tupu.

Mtu wa Kasulu (Kigoma)

Mwakeye, ndugu zangu. Nimesoma yote, na ninamshukuru mzee wa udongo, lakini nina manung'uniko.

Sisi huku tunakula ugali wa muhogo na mahindi yaliyokaa ghalani miezi, na kila mtu anajua mahindi yaliyoota ukungu yanavyochambuliwa kwa macho tu, mabaya wakapewa kuku na yaliyo nusu mabaya yakaenda mashineni. Mwaka 2016 watu walikufa Dodoma na Manyara kwa sumukuvu iliyokuwa kwenye mahindi. Hiyo tunaijua na ina makaburi. Sasa mkulima mwenye ekari moja na nusu, ambaye udongo wake umechoka, anaambiwa aiogope chembe ambayo hata hao walioipima hawajaonyesha mtu aliyeugua kwa kula mahindi yaliyopuliziwa. Je, hatuwezi kujikuta tunakimbia kivuli huku nyoka yuko kitandani?

Vilevile, kwa sisi wa kahawa kule Kalinzi na Matyazo, shaba si mgeni. Wazee wetu walikoroga mrututu na chokaa wakapulizia mibuni mpaka majani yakawa ya buluu, na hakuna aliyeitisha mkutano. Kama shaba hiyohiyo ikisagwa ndogo ili itumike kidogo zaidi, je, si nafuu kwa udongo kuliko ndoo kwa ndoo za mrututu?

Siulizi kwa ubishi. Nauliza kwa sababu tahadhari nayo ina gharama, na mara nyingi anayeilipa si yule anayeitoa.

Mkaguzi Mstaafu (Kigoma Ujiji)

Ndugu wa Kasulu, hoja yako ya sumukuvu ninaikubali yote, tena ningeomba Katibu aisome kwenye mkutano kabla ya habari ya nano. Mfuko usiopitisha hewa na turubai la kuanikia vitaokoa watoto wengi kuliko mjadala huu. Lakini kwamba kuna nyoka kitandani hakumaanishi usitazame chini ya kitanda.

Nimetumia sehemu kubwa ya maisha yangu ya kazi katika ukaguzi wa chakula, na ninataka kueleza kwa nini majibu ya uhakika ni machache, kwa sababu watu hudhani kuna mtu anayeficha kitu. Tuchukue titani dioksidi, ile rangi nyeupe inayotiwa kwenye peremende, bigijii na vidonge, ambayo katika orodha za viungo huandikwa E171. Si mbolea, lakini ndiyo dutu yenye chembe nano ambayo watu wameila kwa miongo mingi, na ndiyo iliyochunguzwa kuliko nyingi. Ufaransa iliizuia kwenye chakula kuanzia mwaka 2020. Mwaka 2021 Mamlaka ya Usalama wa Chakula ya Ulaya ilisema haiwezi tena kuihesabu kuwa salama, kwa kuwa haikuweza kuondoa uwezekano wa kudhuru vinasaba, ingawa ilikiri kwamba kiasi kinachopita utumboni ni kidogo sana. Umoja wa Ulaya ukaipiga marufuku kwenye chakula mwaka 2022. Mwaka 2023 kamati ya pamoja ya wataalamu wa FAO na WHO wa viungio vya chakula ikaipitia upya dutu hiyohiyo na kuona hakuna haja ya kuiwekea kikomo. Hapa sioni kambi moja ya waongo na nyingine ya wakweli. Wa Ulaya walisema: shaka ikibaki, tunaitoa. Wengine walisema: ushahidi wa madhara kwa njia ya chakula hautoshi kuitoa. Muuzaji atakayekuambia "dunia nzima imeruhusu" na mpinzani atakayekuambia "dunia nzima imekataza" wote wawili wamesoma nusu ya ukurasa.

Kuna ugumu mwingine ambao ni wa maabara. Ukinipelekea kilo ya mchicha na kuniuliza ina zinki kiasi gani, maabara yenye vifaa vya kawaida vya kupima madini itakujibu. Ukiniuliza zinki hiyo imo kama chembe au imeyeyuka, kipimo hicho hakitofautishi. Kinachoma na kuyeyusha sampuli nzima kisha kinasoma jumla. Kuzihesabu chembe moja moja ndani ya chakula kunahitaji mashine ya gharama kubwa na mtu aliyefundishwa kuitumia. Ndiyo maana mimi huwashauri watu wasingoje kukamata tatizo kwenye sahani. Lishikwe kwenye chupa, kabla halijafunguliwa.

Na hapo ndipo vyombo vyetu vina kazi. Mbolea na virutubisho vya mimea husajiliwa na Mamlaka ya Udhibiti wa Mbolea, TFRA. Viuatilifu viko chini ya Mamlaka ya Afya ya Mimea na Viuatilifu, TPHPA, yenye makao yake Arusha. Chakula kikishakuwa chakula, kipo chini ya Shirika la Viwango Tanzania, TBS, tangu mwaka 2019. Tatizo la vichupa hivi ni kwamba vinapenda kukaa mpakani. Shaba ikiwa na kazi ya kulisha mmea ni mbolea. Ikiwa na kazi ya kuua ukungu ni kiuatilifu, nayo inatakiwa kuja na muda wa kungoja kabla ya kuvuna. Nimewahi kuona kichupa kimoja kikidai kufanya yote mawili, na kibandiko chake hakikuwa na siku za kungoja hata moja. Katibu, tafuta namba ya usajili kwenye hiyo chupa na uangalie imesajiliwa kama nini.

Kuhusu mrututu wa wazee, naomba nisiwe mkali. Hakuna aliyeitisha mkutano, ni kweli. Lakini shaba haiozi; iliyopuliziwa miaka hiyo bado imo kwenye udongo wa mashamba yaleyale. Ikiwa chembe ndogo itatumika kidogo kweli, huo utakuwa unafuu, na mimi nitaupokea. Nitakachotaka kuona ni kwamba kiasi kimepungua kwa gramu, si kwa maneno ya tangazo.

Mfuga Nyuki (Ipole)

Nitasema machache. Mahindi yakitoa mbelewele nyuki wangu huenda kuchukua chavua, hasa mwaka ambao miti ya mitundu na miyombo imechanua vibaya. Miaka ya 1970 huko Marekani walitengeneza kiuatilifu kilichofungwa ndani ya vidonge vidogo sana ili kidumu, na vidonge hivyo vikalingana na punje za chavua. Nyuki wakavibeba wenyewe hadi kwenye masega, sumu ikawa ghalani mwao. Vile havikuwa vya nano, vilikuwa vikubwa zaidi, ila sasa ninasikia viuatilifu vinafungwa kwenye vifuko vidogo kuliko hivyo, na sababu inayotajwa ni ileile, ya kudumu. Kinachodumu kwenye jani kinadumu pia kwenye mguu wa nyuki.

Asali ya Tabora inauzwa nje na hupimwa masalia. Ombi langu kwa kikundi cha Katibu ni dogo: chochote mtakachopulizia, msipulizie wakati wa maua, na kama hamna budi, iwe jioni nyuki wakisharudi mizingani. Mtujulishe majirani kabla.

Katibu wa Kikundi (Sikonge)

Ahsanteni sana, wazee wangu na ndugu zangu. Baada ya kusoma maelezo ya Mkaguzi nilipanda baiskeli hadi kwa mwanachama aliyekuwa amenunua chupa moja kwa fedha yake, nikakisoma kibandiko kizima kwa miwani ya kuazima, pamoja na yale maandishi madogo ya nyuma ambayo hatukuyatazama siku ya gulio.

Niliyoyakuta ni haya. Zinki ipo, lakini haikuandikwa ni zinki oksidi au ni nini, wala ukubwa wa chembe haukutajwa mahali popote. Shaba ipo. Na katika mstari wa mwisho, kwa maandishi ambayo nusu yake ni ya kigeni, imeandikwa kwamba mna fedha, nikimaanisha yale madini ya mikufu na pete, "kwa kinga dhidi ya ukungu na bakteria". Namba ya usajili sikuiona. Siku za kungoja kabla ya kuvuna hazipo. Mwanachama huyu ameshapulizia mistari sita ya mahindi, ambayo bado hayajatoa mbelewele, na tuta moja la mchicha, siku nne zilizopita.

Nifanye nini na mchicha huo? Na fedha inatafuta nini kwenye mahindi?

Mtu wa Udongo (Tabora Mjini)

Ndugu Katibu, umefanya kazi ambayo wengi wetu tungeifanya tukiwa tumechelewa. Sasa jibu langu la kwanza linabadilika, kwa sababu nililijenga juu ya zinki tupu.

Fedha ni muuaji wa bakteria, na imo humo kwa kazi hiyo. Mmea hauihitaji, mtu haihitaji, na udongo wenu unaotegemea bakteria wa vinundu vya karanga ni wa mwisho kuihitaji. Habari njema ni kwamba ikifika ardhini sehemu yake kubwa hushikana na salfa na kutulia, ikawa haina makali kama mwanzo. Habari isiyo njema ni kwamba iliyo juu ya jani la mchicha haijafika ardhini. Mtu akila fedha kidogo mara moja haugui. Madhara yanayojulikana sana ni ya wale walioinywa kwa muda mrefu kama dawa hadi ngozi yao ikageuka rangi ya majivu yenye ubuluu, na rangi hiyo haiondoki. Kwa hiyo msitishane. Ila hakuna sababu hata moja ya kumlisha mtoto mchicha huo.

Tuta hilo ling'oeni, mfukie mbali na kisima, msiwape mbuzi wala kuku. Mchicha ni wa wiki tatu tu, mtapanda mwingine. Mahindi yaacheni yaendelee. Kilichopuliziwa majani ya chini kabla ya mbelewele kina safari ndefu hadi kwenye punje, na mistari sita si shamba. Kama roho haitulii, hayo yavuneni mwisho na yawe ya mbegu za kujaribia, si ya kuchoma mabichi. Chupa ifungeni vizuri, msiimwage chooni wala mtoni, mkamkabidhi afisa ugani wa kata pamoja na picha ya kibandiko pande zote mbili, ili yeye aifikishe kwa wenye mamlaka ya usajili.

Na ile michirizi myeupe, ambayo ndiyo iliyoleta mambo yote haya, inaweza kweli kuwa njaa ya zinki. Chukueni udongo sehemu kumi na tano za shamba, uchanganywe, mpeleke nusu kilo ukapimwe kituo cha utafiti cha Tumbi. Ikithibitika, zinki salfeti ya kawaida itatosha, na itajulikana ni gramu ngapi zimeingia.

Mtu wa Kasulu (Kigoma)

Mzee, kwa fedha iliyojificha mstari wa mwisho, nimeyaondoa manung'uniko yangu nusu. Nusu ya pili ninabaki nayo: mwenye duka la pembejeo lililo karibu na Katibu ana zinki salfeti, au anazo chupa za nano peke yake?

Katibu wa Kikundi (Sikonge)

Ndugu wa Kasulu, umegusa penyewe. Nimepita maduka mawili leo. La kwanza halina kabisa, la pili limeniambia itakuja na lori la mbolea ya tumbaku, tarehe haijulikani. Mchicha tumeshaung'oa. Yule mama ndiye aliyeshika jembe, na ameomba sampuli ya udongo ya kwanza itoke kwenye shamba lake.